Saa Saba Usiku: Nilivyodai Jasho Langu Worcester

Ukurasa wenyewe ninao hadi leo. Ni daftari la mistari la wanafunzi, jalada jeusi lenye madoa meupe, na kwa kalamu ya bluu nimeandika: "Ijumaa. Kaamka 7 usiku, kalowesha shuka. Kaamka tena 9. Kalala 10 na nusu." Mwaka mmoja na nusu baadaye ukurasa huo ulitafsiriwa kwa Kiingereza neno kwa neno, ukawekwa mezani mbele ya wakili wa kampuni niliyoifanyia kazi, naye akatabasamu. Kwa tafsiri ile, bibi niliyekuwa nikimlea aliamka kwenye usingizi wa jioni magharibi, akaamka tena kidogo baada ya chakula, na saa nne na nusu usiku akalala fofofo mpaka asubuhi. Yaani daftari langu mwenyewe lilikuwa linathibitisha kwamba usiku nilikuwa nalala.

Nimeulizwa habari hii ya kudai mshahara wangu na wengi, wengine kwa simu usiku wa manane, na nimechoka kuisimulia kwa vipande. Naiandika yote mara moja, pamoja na makosa yangu.

Nilifika jimbo la Massachusetts, Marekani, mwaka 2021 kwa ile bahati nasibu ya viza. Nyumbani ni Tanga. Mji wa Worcester nilikuja kwa sababu mtoto wa shangazi yangu alikuwa ameshatangulia, na kazi iliyokuwa wazi kwa mgeni kama mimi ilikuwa kulea wazee majumbani. Nikasomea cheti, nikapata ajensi. Machi 2023 wakanipa bibi wa miaka 91, mwalimu mstaafu, anayeishi peke yake na ugonjwa wa kusahau. Naingia Alhamisi saa mbili asubuhi, natoka Jumatatu saa mbili asubuhi. Siku nne, mchana na usiku, dola 190 kwa siku. Jumla dola 760 kwa wiki. Nikafanya kama tunavyofanya wote tukiwa wageni: nikazidisha kwa shilingi, nikaona utajiri.

Nilipaswa kugawanya. Dola 760 gawanya kwa saa 96 ni dola 7 na senti 92 kwa saa, na mwaka huo huo kima cha chini cha Massachusetts kilikuwa dola 15. Hesabu ya darasa la nne. Sikuifanya kwa miezi kumi.

Kosa la pili nililifanya siku ile ile ya kusaini. Meneja aliniambia, kwa sauti ya mtu anayekupa zawadi, kwamba mimi si mwajiriwa bali ni mkandarasi wa kujitegemea, kwa hiyo sitakatwa kodi, napokea pesa yangu nzima. Mwisho wa mwaka nitaletewa fomu 1099, ya mkandarasi, badala ya W-2, ya mwajiriwa. Nikaona neema. Kama uko Marekani na unasoma hili kabla hujasaini, simama hapo kwanza. Ukiambiwa saa ya kuingia, ukipangiwa mteja, ukipewa maelekezo ya namna ya kumwogesha na ya kumpa dawa, wewe ni mwajiriwa. Wakikuita vinginevyo, wanachokwepa ni sehemu yao ya hifadhi ya jamii na fao la kukosa ajira, na mzigo huo unakuangukia wewe.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Kisii aliyekuwa na zamu ya Jumatatu hadi Alhamisi. Tulikuwa tunakutana mlangoni dakika kumi, tukikabidhiana funguo na habari za choo. Asubuhi moja aliniangalia macho yangu yalivyovimba akaniuliza, "Mami, unaandika masaa yako?" Nikamwambia mimi nalipwa kwa siku, niandike nini. Akasema, "Wewe andika tu. Hata kama leo hauna haja nayo."

Basi nikaanza kuandika, nusu kwa utii na nusu kwa sababu usiku ulikuwa mrefu. Bibi alikuwa na kawaida yake. Saa saba usiku ningesikia kwenye kile kifaa cha kusikilizia, kilichokuwa karibu na sikio langu, mlango wa kabati unafunguka. Nikifika namkuta amesimama, koti zito juu ya gauni la kulalia, mkoba mkononi, anamsubiri mumewe waende stesheni. Mumewe alikuwa amefariki miaka mingi. Mwanzoni nilikuwa namwambia ukweli, naye analia upya kama ndiyo kwanza amepokea habari za msiba, hadi nikajifunza kumwambia treni imechelewa. Tunakaa kitandani na makoti yetu tunasubiri treni. Nampashia maziwa. Anabadilishwa shuka. Analala, na saa tisa kabati linafunguka tena.

Nilimpenda yule bibi. Nalisema kwa sababu watu wanadhani anayedai mshahara alikuwa na kinyongo na kazi yenyewe.

Januari 2024 alianguka, akalazwa, kisha akahamishiwa nyumba ya wazee. Ajensi wakaniambia watanipigia. Wiki ya tatu bila simu nikaenda kuomba fao la kukosa ajira, nikaambiwa hakuna mwajiri aliyeripoti mshahara wowote kwa jina langu. Miezi kumi, na kwenye vitabu vya jimbo sikuwahi kuwepo. Februari ikaja ile 1099. Vijana wa kujitolea wanaosaidia kujaza fomu za kodi wakapiga hesabu mbele yangu: kwa dola 32,680 nilizopokea, hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee peke yake ilikuwa zaidi ya dola 4,600, maana mkandarasi analipa fungu lake na fungu la mwajiri pia, asilimia 15.3. Benki nilikuwa na dola 900. Nilikuwa nimeshatuma ada ya mdogo wangu Tanga, nyingine nimeiweka kwenye bati la nyumba ya mama. Nilitoka pale nikakaa kwenye basi hadi kituo cha mwisho, nikashushwa na dereva.

Yule kijana aliyenipigia hesabu alikuwa ameniambia jambo moja: kabla ya kulipa, chapisha kila kitu ulicho nacho, na uulize kama kweli wewe ni mkandarasi. Kuchapisha nilikuwa naenda maktaba ya tawi kule Greendale, barabara ya West Boylston. Mlangoni pana jina, Frances Perkins. Nilikuwa nimepita chini ya jina lile mara nyingi nikidhani ni tajiri aliyetoa pesa za jengo. Siku hiyo, nikisubiri karatasi zitoke, nilimuuliza mkutubi huyu ni nani. Akaangalia fomu zilizokuwa zinatoka kwenye mashine, zenye maneno "Social Security" kila ukurasa, akasema, "Hizo unazochapisha ni kazi yake. Alikulia hapa hapa mjini."

Nikaondoka na vitabu viwili, na wiki nzima nikawa naishi na mama huyu. (Pesa za jengo, kwa taarifa, alitoa Andrew Carnegie.) Perkins alizaliwa Boston tarehe 10 Aprili 1880, akalelewa Worcester, ambako baba yake alikuwa na biashara ya karatasi na vifaa vya kuandikia. Alisoma chuo cha Mount Holyoke, akamaliza 1902, na huko mwalimu mmoja aliwatoa wanafunzi darasani wakaingia viwandani kuangalia kwa macho yao watu wanavyofanya kazi. Naona tabia ile hakuiacha maisha yake yote. Tarehe 25 Machi 1911 alikuwa New York, anakunywa chai kwa rafiki karibu na Washington Square, wakasikia makelele nje. Kiwanda cha nguo cha Triangle kilikuwa kinaungua. Wafanyakazi walikuwa orofa ya 8, ya 9 na ya 10. Ngazi za zimamoto ziliishia orofa ya 6. Na mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Perkins alifika akawakuta wasichana wanaruka madirishani. Walikufa watu 146, wengi wao wahamiaji.

Walioumia moyo siku ile walikuwa wengi. Yeye aliwakamata wanasiasa waliokuwa kwenye tume ya kuchunguza viwanda, akawapeleka wakaone wenyewe. Kuna kiwanda alimfanya Seneta Robert Wagner apenye kwenye kitundu kidogo ukutani kilichoandikwa kuwa ndiyo njia ya kukimbilia moto, na upande wa pili akakuta ngazi ya chuma iliyoganda barafu, haifiki chini. Mheshimiwa mwenye suti anapenya kwenye tundu! Baada ya hapo hakuhitaji kusomewa ripoti. Zikatoka sheria za New York, zaidi ya 30: milango ifunguke kuelekea nje, mazoezi ya moto yafanyike, maji ya kuzimia yawepo darini, saa za kazi zipunguzwe.

Februari 1933 Franklin Roosevelt, rais mteule, alimwita amfanye Waziri wa Kazi. Hakujibu ndiyo. Alikwenda na kikaratasi chenye orodha akamsomea: wiki ya saa 40, kima cha chini cha mshahara, fao la kukosa ajira, pensheni ya uzeeni, fidia kwa wanaoumia kazini, mwisho wa ajira ya watoto, bima ya afya. Kama hutaniunga mkono kwa haya, tafuta mwingine. Roosevelt akakubali, na tarehe 4 Machi 1933 Perkins, akiwa na miaka 52, akawa mwanamke wa kwanza kuingia Baraza la Mawaziri la Marekani. Akakaa hapo miaka 12. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ikasainiwa 14 Agosti 1935. Sheria ya viwango vya haki vya kazi ikasainiwa 25 Juni 1938, kima cha chini senti 25 kwa saa, wiki ya saa 44 ishuke taratibu hadi 40, na zaidi ya hapo mtu alipwe mara moja na nusu. Katika orodha yake, kubwa lililomshinda ni bima ya afya.

Nyumbani kwake hakukuwa shwari. Mumewe, Paul Wilson, alikuwa na maradhi ya akili yaliyomlaza hospitali mara kwa mara, na yeye ndiye aliyekuwa analisha familia. Na kwa kuwa alifanya kazi kati ya wanaume watupu, alikuwa na bahasha anakokusanya maandishi kuhusu akili ya mwanaume inavyofanya kazi. Kwa mfano aliona kwamba wanaume wale humsikiliza zaidi mwanamke anayewakumbusha mama zao, basi akaanza kuvaa nguo nyeusi za kizee na kofia ya pembe tatu. Nilicheka peke yangu jikoni. Mtu anayeandika ndiye anayeona.

Halafu nikafika kwenye kurasa zinazoeleza nani aliachwa nje. Wafanyakazi wa mashambani na wafanyakazi wa majumbani. Sheria ya 1935 haikuwagusa, ya 1938 haikuwagusa. Kamati aliyoiongoza Perkins ilikuwa imependekeza hifadhi ya jamii iwaingize. Waziri wa Fedha akasema itakuwa shida kukusanya michango yao, na Bunge, ambamo wanasiasa wa Kusini walikuwa na nguvu, likawatoa. Huko Kusini kazi hizo mbili ndizo walizofanya watu weusi wengi. Wa majumbani waliingizwa kwenye hifadhi ya jamii 1950, kwenye kima cha chini 1974, na hata hapo ukabakizwa mwanya: anayekaa na mzee kwa jina la "kumpa uenzi" hakuhesabiwa. Mwaka 2007 mama mmoja mzaliwa wa Jamaika, Evelyn Coke, aliyelea wazee kwa miaka mingi kule New York, alifikisha dai lake la ovataimu Mahakama Kuu ya Marekani. Majaji wote 9 wakamkatalia. Mwanya uliziba kwa kanuni ya 2013 iliyoanza kutumika 2015. Kutoka 1938 hadi 2015 ni miaka 77. Nilikifunga kitabu nikakirusha kwenye kochi. Nilimkasirikia mama wa watu, kana kwamba ni yeye aliyenilipa dola 7.

Lakini kanuni ilikuwepo sasa, na ilinihusu: ukiajiriwa na kampuni, hata kama unalala kwa mteja, unastahili kima cha chini na ovataimu. Aprili 2024 nikaanza kudai.

Hapa ndipo nilipopoteza pesa za kijinga. Nilianza kwa mjuaji. Kila jamii ya wahamiaji ina mjuaji wake, kaka fulani mwenye mkoba anayejua fomu zote. Akanitoza dola 300 aniandikie barua, barua yenyewe ikaenda kwenye anwani ambayo si ya ajensi. Kumbe malalamiko ya mshahara kwenye Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo hayana ada, unajaza mwenyewe, na hawaulizi habari za makaratasi yako ya uhamiaji. Hili la mwisho nalirudia kwa sababu wapo ndugu zetu wanaonyamaza kwa hofu: sheria ya mshahara inamlinda aliyefanya kazi, awe na kibali au hana. Muda nao una mwisho. Kwa sheria ya jimbo una miaka mitatu. Kwa ya shirikisho miwili, au mitatu kama mwajiri alikusudia. Kila wiki unayosubiri, wiki ya mwanzo inakatika mkiani.

La pili, simu. Ujumbe wote wa meneja wa kunipangia zamu, pamoja na ule alioniandikia "usiku unalala, hatulipi usingizi," ulikuwa kwenye simu iliyoangukia beseni la kuogea Novemba 2023. Sikuwa nimehifadhi popote. Wakili alipouliza, nilitamani sakafu ipasuke.

La tatu lilikuwa maneno ya watu. Kwenye kikundi chetu cha akina mama mmoja alisema naharibu riziki za wenzangu, ajensi itaacha kuajiri Waafrika. Mwingine akasema mgeni hali akasema chumvi imezidi. Wiki mbili sikuenda kanisani. Usiku mmoja nikakumbuka kwamba Perkins mwenyewe, mwaka 1939, aliletewa hoja bungeni ya kumwondoa madarakani, eti analinda wakomunisti kwa sababu hakumfukuza nchini Harry Bridges, kiongozi wa wafanyakazi wa bandarini mzaliwa wa Australia, kabla ushahidi haujakamilika. Alikwenda akajibu maswali yao, hoja ikaanguka, akarudi kazini. Kanisani nilirudi Jumapili iliyofuata. Nikakaa nyuma, lakini nilirudi.

Ofisi ya jimbo ilinipa barua ya kuniruhusu kufungua kesi mwenyewe, na nikapata wakili anayechukua theluthi ukishinda, bila malipo ya kwanza. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Una kumbukumbu za saa?" Nikatoa madaftari matatu kwenye mfuko wa plastiki. Akayashika kwa mikono miwili. Akanieleza kwamba tangu 1938 ni wajibu wa mwajiri kutunza kumbukumbu za saa, na tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa 1946, mwajiri akishindwa kuzitunza, makadirio ya haki ya mfanyakazi yanakubalika. Na akanieleza kanuni ya usingizi, ambayo kila anayelala kwa mteja angeikariri: kwenye zamu ya saa 24 au zaidi mwajiri anaweza kuondoa hadi saa 8 za kulala, mkiwa mmekubaliana na una mahali pazuri pa kulala. Ukiamshwa kufanya kazi, muda huo unalipwa. Na ikiwa usiku huo hukupata hata saa 5 za usingizi, zote 8 ni kazi.

Kwa hiyo hata tukiwapa usingizi wao wote, zilibaki saa 64 kwa wiki. Saa 40 za dola 15, saa 24 za dola 22.50, jumla dola 1,140. Mimi nililipwa 760. Pengo dola 380 kila wiki, wiki 43, ni dola 16,340. Usiku wa treni ya bibi ulikuwa juu ya hapo.

Tukarudi pale mezani, Aprili 2025, kwenye usuluhishi. Wakili wa kampuni ametabasamu, na mimi ulimi umenikauka, kwa sababu katika miaka yangu yote sikuwahi kufikiri kwamba saa saba usiku inahitaji maelezo. Mtafsiri, aliyenigharimu dola 450, aliandika "7" kama alivyoikuta. Nikaomba karatasi. Nikachora saa. Nikawaambia kwetu siku inaanza kucha. Jua likitoka tunaanza kuhesabu, saa ya kwanza baada ya hapo ndiyo saa moja. Na jua likizama tunaanza tena. Saa yao 1 ya usiku ni yetu ya 7. Yule bwana akasema maelezo haya yamekuja kwa wakati mzuri sana kwa upande wangu.

Ndipo wakili wangu alipofungua ukurasa wa Alhamisi. "Nimeingia saa 2 asubuhi." Alhamisi nyingine, saa 2. Nyingine, saa 2. Akatoa orodha ya kampuni yenyewe, ile ya simu ya kuripoti kuingia kazini: 8:00, 8:02, 7:58. "Kwa tafsiri yenu," akasema, "mama huyu alikuwa anafika saa nane za usiku wa manane na kusimama nje hadi asubuhi, wiki 43." Tofauti ilikuwa saa 6 kila mahali, haikukosea hata mara moja. Tabasamu likaenda. Nilitamani mama wa Kisii angekuwepo.

Haikuwa ushindi mtupu. Kuna wiki 11 nilizoanza kuandika kwa kuangalia simu, saa za Kimarekani, siku nyingine za Kiswahili, zote kwenye ukurasa mmoja. Usiku wa wiki hizo tuliuacha, haukutetewa. Sasa naandika kwa saa 24, 01:00 na 03:00, na kila Jumapili napiga picha kurasa najitumia kwa barua pepe.

Tulimaliza kwa dola 21,000. Sheria ya Massachusetts inasema mshahara uliozuiwa, ukishinda mahakamani, unalipwa mara tatu, kwa hiyo kwenye karatasi ningeweza kufika 49,000. Kampuni ilisema ikienda mahakamani inafunga milango, na wakili aliniambia wazi kwamba hukumu dhidi ya kampuni iliyofungwa ni karatasi tu. Nikawaza siku tatu. Nilichosoma kuhusu 1912 ndicho kilichoamua. Mswada wa saa 54 kwa wiki kwa wanawake wa New York ulikuwa unaenda kufa, na ukapatikana mradi wanawake wa viwanda vya makopo waachwe nje. Chama kilichomtuma Perkins hakikutaka mapatano hayo. Akayapokea kwa jukumu lake mwenyewe, sheria ikapita. Bora nusu shari kuliko shari kamili. Sijui kama niliamua vizuri. Kuna usiku bado nahesabu ile 28,000 nyingine. Wakili alichukua 7,000. Sehemu iliyoitwa mshahara ikakatwa kodi, mtu asikudanganye kwamba fidia haikatwi. Mamlaka ya kodi niliiomba iamue hadhi yangu kwa fomu SS-8, nikajaza fomu 8919, na badala ya zile 4,600 nikalipa fungu la mwajiriwa tu, dola 2,500. Muhimu zaidi, miezi ile kumi sasa inasomeka kwenye rekodi yangu ya hifadhi ya jamii. Pensheni inataka alama 40, ambazo ni kama miaka kumi ya kazi, na mimi ninayeanza kuzikusanya nikiwa na miaka 38 siwezi kupoteza hata moja.

Julai 2025, wino wa suluhu haujakauka, Wizara ya Kazi ya Marekani, ile ambayo jengo lake kuu kule Washington linaitwa kwa jina la Perkins, ilipendekeza kuifuta kanuni ya 2013. Mnaofanya kazi hizi fuatilieni, na mjue kwamba majimbo mengine, likiwemo hili, yana sheria zao za kima cha chini na ovataimu.

Mwezi uleule nilipiga simu Tanga kumweleza mama. Akafurahi, akashukuru Mungu, akasema wazungu wana haki. Nikamuuliza dada anayemsaidia nyumbani anaamka saa ngapi. Mama akanyamaza kidogo. "Saa kumi na moja. Anachota maji kabla hayajakatika. Kwani vipi?" Na analala saa ngapi? "Tukishamaliza tamthilia." Nilihesabu kichwani, nikakumbuka kwamba mshahara wake ndio mimi ninaoutuma, na kiwango nilikipanga mimi, kwa kuuliza majirani wanalipa ngapi. Sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, ya ziada mara moja na nusu. Nilikuwa naijua kama ninavyojua majina ya sayari.

"Mama, naomba uninunulie daftari," nikasema. "Halafu mpe simu."

Mama akaguna, "Huyo naye unataka umhesabie masaa?" Lakini alimpa. Nikamweleza yule dada, pole pole, kwamba kuanzia kesho aandike anapoanza kazi na anapomaliza, kila siku, nami nitamlipa kwa hicho atakachoandika. Kimya kirefu, nikidhani mtandao umekata.

"Sawa, anti," akasema. "Sasa nianze kuhesabu nikiamka, au nikishawasha jiko?"